Msumari wa Babu na Ukuta wa Antena

Jumatatu, 20 Novemba

Leo nimeapa. Tasnifu yangu itapigiliwa msumari kabla ya Krismasi, liwe liwalo. Mwaka wa tisa huu! Waliokuja chuoni nyuma yangu wana vyeo na watoto wawili wawili. Mimi nina sura nne, na mkataba unaokwisha tarehe thelathini na moja Desemba.

Nyundo ipo tayari. Mama aliniletea kutoka kwake Hudiksvall mwaka ule wa tatu, alipodhani nimekaribia. Ni ya babu, fundi wa mapaa, na pamoja nayo kuna msumari mmoja uliobaki alipomaliza paa lake la mwisho. Mrefu, unapita kidole changu cha shahada. Hapa kwetu tasnifu haisemwi imekwisha mpaka uitoboe tundu pembeni na kuipigilia kwenye ubao wa chuo, kila mtu aisome wiki tatu kabla hujahojiwa. Siku hizi wengi wanatumia kamba na kijisumari cha kuazima. Mimi nitatumia wa babu. Mama ana miaka themanini na moja, na kila Jumapili ananiuliza kwenye simu tunapigilia lini. Jana nikamjibu kabla ya Krismasi. Akasema basi atalitoa sandukuni koti lake la samawati.

Asubuhi niliingia ukumbi wa chini peke yangu, nikasimama mbele ya ukuta wetu. Miaka tisa, na bado nikiuona moyo unanidunda! Antena mia moja na ishirini na nane, kila moja ndogo kuliko kiganja, zimepangwa kwenye fremu ya chuma yenye magurudumu. Watu wanadhani antena inatupa mawimbi huku na huko, atakayeyadaka ayadake. Huu sivyo. Huu husikiliza kwanza. Simu inatoa mlio mfupi ambao sikio la mtu halisikii. Mlio unafikia kila antena kwa kuchelewa tofauti kidogo, mwingine moja kwa moja, mwingine baada ya kugonga dirisha. Ukuta unayashika yote hayo. Ukijibu, kila antena inaanza kwa wakati wake, hii mapema, hii kwa kuchelewa, ili mawimbi yote yafike kwenye simu ile kwa mpigo mmoja. Sogea hatua mbili pembeni: kimya! Kwaya ya watu mia moja na ishirini na nane, na katika kanisa zima wanaimbia sikio moja tu. Nimeandika kurasa mia mbili juu ya jambo hili na bado siamini kwamba linawezekana.

Sasa habari mbaya. Gunnel, profesa wetu, ametutangazia jaribio Alhamisi. Mzee Ottosson wa mfuko wa utafiti atakuja kutazama. Simu mbili juu ya meza moja, mwisho wa ukumbi, kiganja kimoja kati yake, na kila simu ioneshe filamu yake bila kukwama. Mimi kabla ya chakula, Tuva baada ya chakula. Njia ya atakayeshinda ndiyo itakayotiwa kwenye ukuta moja kwa moja. Nikishindwa, sura yangu ya nne haina miguu, na sura ya nne ikianguka hakuna kupigilia.

Tuva Hedlund! Ana mwaka wa pili tu hapa. Anataka ukuta usikilize upya mara elfu kwa sekunde na kujirekebisha kila mara. Papara! Njia yangu ni ya kiungwana: ukuta usikilize mara moja, uamini ulichosikia, uchape kazi. Hiyo ndiyo sura ya nne. Ya kwanza ni utangulizi, ya tatu ni majedwali. Ya pili niliiandika miaka sita iliyopita, siikumbuki vizuri, ila ina michoro mizuri.

Jioni nikafungua kalenda ya ukumbi. Nimeuchukua Jumanne na Jumatano, kutwa. Si kwa jina langu, mimi si mtoto. Nimeandika: Kamati ya Mazingira ya Kazi. Nani atabishana na kamati? Nitapita mlango wa nyuma nifanye mazoezi yangu, Tuva akodoe macho nje.


Jumanne, 21 Novemba

Kamati ya Mazingira ya Kazi ipo.

Sikujua! Miaka tisa sijawahi kuwaona. Kumbe kalenda iliwapelekea taarifa, wakadhani wameitwa, na hawajaitwa na mtu tangu wapate vyeo vyao. Walikuja watatu, saa mbili kamili, wamefurahi kiasi kwamba nilishindwa kuwafukuza. Wana kifaa cha kupima mwanga. Wana kingine cha kupima kelele. Walinikalisha kwenye kiti changu mwenyewe wakanizunguka wakitikisa vichwa. Mgongo wangu, wamesema, uko hatarini. Nimetia sahihi fomu tatu.

Kisha wakaona vyombo. Ukumbi wetu ulikuwa umejaa mazagazaga ya miaka: makabati ya chuma ya mafaili, ngazi za alumini, baiskeli kumi na moja zisizo na wenyewe. Hatari, wakasema. Wakamwamuru Börje, mtunza jengo, ayatoe yote hadi ujiani. Halafu wakafunga ukumbi kwa ukaguzi siku mbili. Siku mbili! Mlango wa nyuma pia. Mimi mwenyewe niliyeuchukua ukumbi niko nje.

Börje alikuwa akisukuma kabati la nne, jasho linamtoka. Akajifuta uso. Akauliza ni nani aliyewaita hawa. Nikasema labda Tuva. Akasema ajabu, maana Tuva amekuja mapema kumwomba amsaidie kuutoa ukuta hadi ujiani kabla mlango haujafungwa, ili afanyie mazoezi huko huko. Una magurudumu. Mimi sikuyafikiria magurudumu.

Hata hivyo nimetulia. Fikiria: Alhamisi ukumbi utakuwa mweupe, mtupu, hauna hata kijiko. Mawimbi yatapita moja kwa moja bila kugonga kitu. Ukumbi safi, mawimbi safi! Kamati imenifanyia kazi bure, na Tuva amebanwa kule ujiani kati ya makabati na baiskeli. Sikupanga hivi, lakini ni kama nilipanga.


Jumatano, 22 Novemba

Saa tatu asubuhi nilipita ujiani, eti naenda msalani. Tuva alikuwa amepiga magoti kati ya baiskeli. Kwenye simu zake kuna filamu mbili: moja kulungu anavuka kinamasi, nyingine mwanamke anakaanga samaki. Zote zimekwama! Kulungu yuko na mguu mmoja juu. Samaki hageuki. Tuva alikuwa akiisemesha kompyuta yake kwa maneno ambayo kwao Dalarna sidhani wanafundishwa kanisani.

Nilisimama dakika kumi nzima, nikaona yanatosha. Nimepata siri yake. Vyuma vinamuua! Weka kabati mbele ya ukuta wake, yeye kwisha. Nimeiandika hapa kwa herufi kubwa: VYUMA VINAMUUA.

Nikaenda nyumbani saa tisa. Sikuona sababu ya kurudi kutazama tena.

Njiani nilipita karibu na mnara wa simu pale kwenye mzunguko wa barabara. Theluji ilikuwa inaanguka. Nikasimama. Pale juu kuna antena zinazowasikiliza watu wote waliomo kwenye magari, wote wanasogea, na kila mmoja anajibiwa kwa wakati wake. Mwanamke mmoja kwenye basi alikuwa anacheka na simu yake. Hajui kwamba juu ya mnara kuna kitu kinamtafuta, kinampata, kinampoteza, kinampata tena, kabla hajamaliza kucheka. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Jamani, tumekizoea haraka mno.

Kisha nikakumbuka Tuva, nikaendelea na safari.


Alhamisi, 23 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne, zamu yangu. Ukuta umerudishwa ukumbini. Ukumbi unang'aa. Mzee Ottosson ameketi, kofia mapajani. Gunnel amesimama na kikombe chake. Nikatoa hotuba ndogo juu ya uungwana wa kusikiliza mara moja. Nikabonyeza.

Kulungu akanyanyua mguu, akabaki hivyo. Mwanamke akashika mwiko, akabaki hivyo. Nikabonyeza tena. Nikazima, nikawasha. Mguu ule ule! Mzee Ottosson akasogea akainamia simu, akauliza kwa upole kama ni picha. Gunnel akaeleza kwamba katika ukumbi mtupu simu mbili zilizokaa karibu hivi zinaonekana upande mmoja, na milio yao inafika ukutani kwa njia ile ile. Ukuta hauna cha kuzitofautishia. Ukimwimbia huyu, na yule anasikia, wanavurugana. Kisha akanitazama akasema nilipaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Sikuelewa kwa nini kuliko mtu yeyote.

Basi nikawaza: kama ukumbi safi umenifanyia hivi, mchafu utamfanyia nini Tuva? Na siri ninayo!

Leo ni Alhamisi. Alhamisi ni supu ya njegere na chapati za maji na jemu. Saa tano na nusu jengo zima linashuka kantini, hata moto ukiwaka utasubiri. Nilibaki. Njaa inaniuma, harufu inapanda ngazi mpaka puani. Kwa dakika arobaini nilisukuma, nikaburura, nikabeba, kutoka ujiani hadi ukumbini. Makabati matano, nikayapanga mbele ya meza mpaka ukuta na simu visionane kabisa. Ngazi mbili. Baiskeli zote kumi na moja. Trei za kuokea nilizichukua jikoni kwetu hapa chuoni, nikaziegemeza dirishani. Shati limelowa. Nikapata muda wa kula chapati moja tu, baridi, bila jemu.

Saa saba wakaingia. Gunnel akasimama mlangoni. Mzee Ottosson akasema kumbe tumehamia. Börje akahesabu baiskeli kwa kidole. Tuva akatazama kila kitu taratibu, kisha akanitazama mimi, macho yakamjaa machozi. Nikajua analia kwa kushindwa. Nikamwonea huruma kidogo, nakiri.

Akabonyeza.

Kulungu akavuka. Alitoka kwenye kinamasi akajitikisa maji, nikaona hata matone! Samaki akageuzwa, akaiva, akapakuliwa. Hakuna kilichokwama. Mzee Ottosson akaenda nyuma ya makabati kutafuta waya. Hakuna waya. Akarudi, akaweka kofia kichwani, akaivua tena.

Ndipo Tuva akanipa simu ya tatu, akasema nitembee nayo popote. Nikatembea. Filamu ilikuwa ya watoto wanateleza kwenye barafu. Nikapita kati ya baiskeli. Nikainama nyuma ya kabati. Nikaenda nyuma ya kabati la mwisho kabisa, pale ambapo mimi mwenyewe nilihakikisha kwamba hapafikiki. Watoto wanateleza tu. Ukuta ulinifuata! Mawimbi yaligonga trei, yakagonga ngazi, yakapita chini ya tandiko la baiskeli, mamia ya njia, na zote zikakutana kiganjani mwangu kwa mpigo mmoja. Nikipiga hatua, njia zote zinabadilika, nao umeshajua. Nilichuchumaa kule nyuma ya kabati nikatokwa machozi, sioni aibu kuyaandika. Nilikuwa nimebeba vile vyuma kwa mikono yangu kumfungia njia, na ukuta umevigeuza vyote kuwa njia.

Nilipotoka nikamkuta Tuva anaongea. Alisema jana asubuhi alikuwa bado anakosea alama moja kwenye hesabu zake, mchana ikakubali, na tangu hapo kadiri vyuma vilivyozidi kule ujiani ndivyo simu zilivyotenganishika vizuri zaidi. Leo asubuhi alikuwa amekata tamaa kwa sababu ukumbi ni mtupu.

"Lakini Sixten ameacha chakula chake akanirudishia vyuma vyote," alisema. "Supu ya Alhamisi, jamani! Ni ukurasa wa arobaini na moja wa tasnifu yake. Sura ya pili. Mimi kazi yangu yote nimeianzia pale."

Wote wakanigeukia. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.


Ijumaa, 24 Novemba

Jana nilipofika nyumbani nilifungua sura ya pili. Ni kweli! Ukurasa wa arobaini na moja. "Vitu vinavyozuia njia iliyonyooka huzidisha idadi ya njia, na kwa hiyo huuwezesha ukuta kuwatofautisha wasikilizaji walio karibu." Nimeiandika mimi. Na uthibitisho umo, mistari kumi na mbili, hauna hata doa. Nimeusoma mara nne. Yule kijana aliyeandika hivi alikuwa na akili. Sijui alikwenda wapi.

Asubuhi Gunnel akaniita. Kikombe mezani, mlango umefungwa. Akasema sura ya nne nikaitupe. Nikamwambia sura ya nne ni miaka mitano ya maisha yangu. Akasema anajua, amelipa umeme wake. Sura ya pili ndiyo tasnifu. Niongeze jaribio la jana, nimshukuru Tuva kwa jina, nipeleke kiwandani ikachapwe wiki ijayo. Anatia sahihi leo.

Anatia sahihi leo! Nilishika meza.

Kisha akafungua kalamu. "Sixten, Jumatano ulichungulia mara moja ukaondoka na habari. Habari zako zilikuwa zimechacha kabla hujafika nyumbani. Ule ukuta husikiliza ndipo unene. Jaribu na wewe." Nikamshukuru. Sijui alikuwa anazungumzia nini hasa, lakini sahihi niliiona ikitiwa.

Mwenye habari njema hapa huleta keki ya chai ya Ijumaa. Nilinunua dukani, nikaivuruga kidogo kwa uma ionekane nimeoka mwenyewe. Tuva akala vipande viwili. Akaniuliza kama nilijua tangu mwanzo kwamba vyuma vitamsaidia. Hapo ndipo ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema mambo kama haya mtu huyapima kwa jicho. Börje, aliyekuwa akijimiminia kahawa, akakohoa.

Baadaye alinikuta peke yangu kwenye ngazi. "Mheshimiwa," akasema, "kamati walinionesha ile taarifa ya kalenda. Imetoka kwenye kompyuta yako." Nikauliza anataka nini. Akasema hataki kitu, anataka zile baiskeli kumi na moja zirudi zilikotoka, moja moja, na kila moja niipanguse. Nimezipangusa. Nimemaliza saa kumi na mbili.

Nikampigia Mama bila kungoja Jumapili. Nikamwambia tarehe kumi na tatu Desemba, siku ya Lucia, sikukuu ya mishumaa. Nikasikia ameweka simu chini, anatembea, anafungua sanduku. Akarudi akasema koti bado linamtosha.


Jumatano, 13 Desemba

Mama alifika jana kwa treni, na koti la samawati, na mfuko wa maandazi ya zafarani. Leo asubuhi waimbaji walikuja kantini na kanzu nyeupe na mishumaa. Chuo kizima kilikuwepo.

Ukuta sasa unakaa pale. Gunnel aliamuru usimamishwe kantini ili kila mtu auone, umeegemea kiambaza cha mbao, antena zinatazama watu. Upande wa pili wa kiambaza hicho hicho ndiko uliko ubao wa tasnifu. Leo simu ishirini zilikuwa mezani, kila moja na filamu yake, katikati ya mishumaa na watu wanaosogea na mataji ya bati. Mama aliketi mbele ya simu mbili akala andazi. Nikamweleza kwaya na sikio moja. Akaisikiliza yote, akashika mkono wangu, akauliza kwa sauti ya chini, kwa hiyo kinajua nilipo? Nikamwambia kinajua simu ilipo. Akasema inatosha.

Baada ya nyimbo tukahamia upande wa ubao. Gunnel, Tuva, Börje, watu wengi. Tasnifu ina jalada la kijani na harufu ya wino. Nilikuwa nimekwishaona mapema kwamba katikati ya ubao kuna tasnifu ya mtu wa kemia. Nikaisogeza pembeni kabla watu hawajafika, ili yangu iwe usawa wa macho. Börje akanipa kisanduku cha misumari mifupi. Akasema kiambaza hiki ni chembamba, nitumie mmoja wa hii. Nikamwambia asante, ninao wa ukoo.

"Mwanangu, mrefu huo," Mama akasema. "Babu yako misumari hii aliipigilia kwenye boriti, siyo kwenye ubao."

Nikawaza: mfupi, mtu wa kemia ataung'oa kwa kucha, arudishe yake katikati. Huu hautoki. Nikasema, Mama, ushike tu. Akaushika kwa vidole vyake viwili, bila kutetemeka. Nikapiga. Akatoa vidole. Nikapiga mara tatu zaidi mpaka kichwa kikagusa karatasi. Watu wakapiga makofi. Mama alilia, na mimi nililia, na Gunnel alitazama dari. Miaka tisa! Sidhani kama babu aliwahi kupigilia paa kwa furaha kama ile.

Nilisikia mlio mdogo nyuma ya ubao. Kama cheche. Nikadhani ni mishumaa.


Alhamisi, 14 Desemba

Nimempeleka Mama kwenye treni saa moja. Amesema atarudi kwa mahojiano mwezi wa kwanza, na koti lile lile.

Saa nne Tuva akaja mezani kwangu na kompyuta. Uso umembadilika. Jana saa tatu na dakika kumi na mbili, akasema, antena sitini na nne zilizimika kwa mpigo mmoja. Nusu ya ukuta! Na hakuna mtu aliyegundua. Akanionesha mistari. Kwenye dakika ile kuna tundu dogo, jembamba kuliko unywele, kisha mistari inaendelea. Ukuta ulipoteza nusu ya kwaya katikati ya wimbo. Ukasikiliza tena, ukajua nani yupo na nani hayupo, ukapanga sauti upya, ukaendelea. Simu ishirini, mishumaa, watu wanapita, na hakuna filamu hata moja iliyokwama. Muda mfupi kabla, Mama alikuwa anakula andazi mbele yake!

Tuva alikuwa ananong'ona kama tuko kanisani. Alisema hakuwahi kuuzima nusu kwa makusudi, aliogopa. Tulikaa hapo wawili tukiutazama ule mstari muda mrefu. Sikuwa na wivu hata chembe. Nilitaka kumwambia mambo mengi mazuri na nilishindwa kuyapanga.

Kisha akasema kitu kimekata kebo nyuma ya ukuta, atakitafuta. Nimsaidie, maana mimi ndiye ninayeujua kuliko wote.

Dakika kumi na mbili baada ya saa tatu. Nilikuwa na nyundo mkononi.

Nilikwenda mpaka kwenye ubao. Tasnifu yangu imetulia, kijani, katikati, usawa wa macho. Ningeweza kumwita Tuva pale pale. Ni jambo la sentensi moja. Nikajaribu kuung'oa msumari kwanza. Haukutikisika. Babu alijua kununua misumari. Börje akapita na ufagio, akautazama msumari, akanitazama mimi, akaendelea kufagia.

Nimewaza vizuri. Tasnifu ikiwa pale, hakuna anayeona tundu. Kwa kawaida mwezi wa kwanza, baada ya mahojiano, inashushwa na kupelekwa maktaba, na hapo ndipo kila kitu kitaonekana. Kwa hiyo isishushwe! Ni rahisi hivyo tu. Kumbe ubao nao una kalenda yake, wala sikuwa najua.

Nimeuchukua ubao wote, kuanzia leo mpaka mwisho wa Juni. Si kwa jina langu. Nimeandika: Kamati ya Mazingira ya Kazi. Safari hii hawaji. Ubaoni hakuna viti.